TOPE LA ZIWA NI SHAHIDI, LISOMWE



Katika mikutano ya vijiji vyetu limekuwa likirudiwa neno moja, nalo ni lawama. Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola wasemwa kwamba dawa zao za kunyunyizia zinatia sumu Ziwa Eyasi. Wafugaji wasemwa kwamba kwato za ng'ombe wao ndizo ziteremshazo udongo ziwani. Wafugaji nao wawanyoshea kidole wenye mahoteli na magari ya watalii, na wakulima wadogo wayataja mashamba makubwa ya kahawa ya Oldeani na dawa zake za shaba. Kila mmoja ana mshitakiwa wake. Ushahidi hakuna aliyeuleta.

Sisi twasema ushahidi upo. Umelala chini ya maziwa yetu, katika tope. Tope hilo halina kabila, halina shamba wala zizi, na halipokei rushwa. Twataka litolewe, lipimwe, na matokeo yake yasomwe hadharani kwa Kiswahili, mbele ya watu wanaolaumiwa.

JINSI TOPE LINAVYOANDIKA

Watu wa Ngorongoro wana sababu ya kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Tarehe 17 Julai, 1959, katika bonde la Olduvai, Mary Leakey aliliona fuvu la kiumbe wa kale lililopewa jina la Zinjanthropus. Tabaka zilizolihifadhi zilijengeka kando ya ziwa la zamani, tope juu ya tope, na majivu ya volkano katikati yake. Majivu hayo yalipopimwa, mwaka 1961 ilitangazwa kwamba fuvu lina umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Basi ikiwa tope la ziwa lililokwisha kukauka limetunza habari za muda huo wote, halitashindwa na habari za miaka sitini au mia.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Kila mwaka mvua huteremsha udongo na upepo huleta vumbi, na vyote hutua chini ya ziwa. La mwaka huu hulala juu ya la mwaka jana. Mtaalamu huenda kwa boti mahali ambapo tope halivurugwi, hushindilia bomba refu, hulitoa likiwa limejaa, kisha hulikata tope hilo vipande vyembamba vya sentimeta moja au nusu yake. Kila kipande hupewa namba na kupelekwa maabara. Kipande cha juu ni cha juzi, na cha chini kabisa ni cha zama za mababu.

Lakini mtu atauliza: mwaka wa kila kipande hujulikanaje? Njia kubwa ni mbili, na moja husahihisha nyingine. Ya kwanza ni aina ya risasi iitwayo risasi-210, ambayo hutokea yenyewe hewani na kushuka pamoja na mvua. Nguvu yake ya mionzi hupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi, na kwa kupima kilichobaki mtaalamu huhesabu umri wa tope la miaka mia na zaidi kidogo.

Njia ya pili ni vumbi la mabomu. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya atomiki angani. Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, katika jangwa la Sahara, tarehe 13 Februari, 1960, juu ya ardhi ya Afrika, huku Waafrika wakipinga. Vumbi la milipuko hiyo yote lilizunguka dunia mpaka Marekani, Urusi na Uingereza zilipotia sahihi mkataba wa Agosti 1963 wa kuacha kulipua angani. Sisi hatukuulizwa. Vumbi lilituangukia sawa na wenye mabomu. Hata hivyo sehemu yake moja, sesiamu-137, imeacha katika matope ya maziwa alama iliyofikia kilele karibu na mwaka 1963. Huku kwetu karibu na ikweta alama hiyo ni hafifu kuliko ya Ulaya, lakini vyombo vizuri vyaweza kuiona.

Ndugu, tazameni mwaka huo. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961. Kwa hiyo alama ya mabomu yatupa mpaka: tope la chini yake ni la siku za ukoloni na kabla yake, na tope la juu yake ni la siku zetu wenyewe. Mahali tope lilipotulia, litatuambia ni uchafu upi tulioachiwa na upi tuliouongeza kwa mikono yetu. Taifa huru lahitaji kuyajua yote mawili.

KAZI YA MTU NA KAZI YA ASILI

Si kila kibaya kilichomo majini kimetiwa na mtu. Wengi wetu wa kaskazini tuna meno yenye rangi ya kahawia. Hiyo ni kazi ya floridi, nayo hutoka katika miamba ya volkano; ilikuwamo katika maji kabla mtu yeyote hajabeba bomba la dawa mgongoni. Kadhalika shaba, risasi na zebaki zimo katika udongo tangu asili. Mtu akipima tope la juu peke yake, akakuta shaba, akatangaza kwamba wakulima wameharibu ziwa, huyo hajathibitisha kitu.

Lazima apime na tope la chini, la kabla ya mashamba. Kilichokuwamo chini ni cha asili, na kilichozidi juu ndicho cha kuulizwa. Tena yampasa alinganishe madini hayo na alumini, ambayo imo kwa wingi katika udongo wa kawaida. Shaba ikipanda pamoja na alumini, huenda ni udongo tu ulioteremka kwa wingi. Shaba ikipanda na alumini ikabaki palepale, hapo kuna jambo la kutafutwa, na mkono wa mtu ndio wa kwanza kutazamwa.

Ziko pia alama ambazo hazina asili nyingine ila binadamu. Hakuna volkano wala mvua itengenezayo DDT. Uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa mwaka 1939 na Paul Müller wa Uswisi, na tope la kabla ya hapo haliwezi kuwa nayo. Tena DDT ikikaa hugeuka polepole kuwa kitu kingine kiitwacho DDE. Tope lenye DDE nyingi na DDT kidogo latuambia kwamba dawa ilimwagwa zamani. Lenye DDT nyingi latuonya kwamba huenda mtu anaitumia hata leo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na mkataba huo hauruhusu DDT ila kwa kuua wadudu waenezao magonjwa. Kwa hiyo DDT mpya ikionekana katika tope la karibu na mashamba, si jambo la kunong'ona. Ni jambo la kufuatwa mpaka dukani ilikonunuliwa.

Alama nyingine ni risasi iliyotiwa katika petroli tangu mwaka 1923, ambayo nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006. Nyingine ni punje ndogo mno za masizi zitokazo katika makaa ya mawe na mafuta mazito yanayochomwa kwa moto mkali wa viwandani. Moto wa kuni wa mama zetu hauzitoi punje hizo. Zikionekana katika tope, mama wa jikoni hana kesi.

ZIWA LA KULINGANISHIA TUNALO

Uchafu mwingine haupiti mtoni. Huja na upepo kutoka nchi za mbali. Katika milima ya Rwenzori, Uganda, yako maziwa madogo yaliyo juu kabisa, yasiyo na kiwanda wala shamba pembeni. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kwamba tope la maziwa hayo laonyesha zebaki iliyoongezeka tangu karne ya 19. Nani aliipeleka huko? Si mkulima wa Uganda. Ilisafiri hewani.

Ngorongoro ina ziwa la namna hiyo, nalo ni la ndani ya kreta ya Empakai. Limezungukwa na kuta za mlima, lina kina kirefu, na hakuna mto utokao mashambani kuingia humo. Tope lake limekwisha kutolewa na wataalamu, wakasoma habari za mimea na za kupanda na kushuka kwa maji katika miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Lililobaki ni kulisomea uchafu wa miaka mia hii.

Tuseme zebaki imeongezeka Empakai, na imeongezeka Eyasi kwa kiasi kile kile. Basi imetoka angani, na lawama iende kwa wenye viwanda vya mbali. Lakini tuseme shaba au dawa ya wadudu haimo Empakai, na Eyasi imo. Hapo hatuwezi kuyasingizia mataifa makubwa. Ni yetu.

TOPE HUSHITAKI, NA TOPE HUACHILIA

Tusidhani kwamba kazi ya tope ni kumfunga mtu tu. Mara nyingi limewatoa watu katika lawama, au limeigawa lawama kwa haki.

Chukueni Ziwa Viktoria. Furu walipotoweka kwa wingi katika miaka ya 1980, kidole kilielekezwa kwa sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950. Ni kweli sangara aliwala. Lakini mwaka 2002 wataalamu waliosoma tope la ziwa hilo walionyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na kilimo kandokando ya ziwa, na kwamba maji ya kina kirefu yalianza kupungukiwa na hewa ya oksijeni mapema katika miaka ya 1960. Sangara alikuta nyumba iliyokwisha kuugua.

Chukueni na Ziwa Tanganyika. Wavuvi wake walilaumiwa kwa kupungua kwa dagaa. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba mabaki ya samaki yaliyomo katika tope yalianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara wa miaka ya 1950, kwa sababu maji ya ziwa yamekuwa yakipata joto. Uvuvi una sehemu yake, ila si yeye peke yake aliyeanza.

Na hapa jirani, Ziwa Manyara. Wataalamu, wakiwamo wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, walilisoma tope lake, na mwaka 2020 wakaeleza kwamba udongo uingiao ziwani umekuwa ukiongezeka katika miaka 120 iliyopita, ukipanda sana katika miaka ya 1960 na tena katika miaka ya 2010. Walipofuatilia mito, Mto Makuyuni ndio ulioonekana kuleta udongo mwingi kuliko mingine. Je, ni wangapi kati yetu waliopata kuisikia habari hiyo katika mkutano wa kijiji? Utafiti uko, lakini umeandikwa kwa lugha ya kigeni, na wenye mito na miteremko hiyo hawakusomewa.

HALI YA MANG'OLA

Turudi Mang'ola. Vitunguu vya huko hulisha watoto, hulipa karo, huvuka mpaka mpaka Nairobi. Maji ya mifereji hutoka katika chemchemi za chini ya milima, na yanayobaki huelekea Eyasi. Mkulima hupigana na ukungu na wadudu wadogo wafyonzao majani, naye hupulizia dawa kwa sababu asipopulizia hapati gunia hata moja. Utafiti uliotangazwa mwaka 2007 juu ya wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini ulieleza kwamba dawa za wadudu ndizo zilizotumika zaidi, zikifuatiwa na za ukungu, na kwamba wakulima wengine huchanganya dawa mbili au zaidi katika bomba moja. Mkulima huyo si adui wa ziwa. Ni mtu aliyeuziwa dawa pasipo kufundishwa, na kibandiko cha chupa mara nyingine hawezi kukisoma.

Wala tusisahau kwamba sumu nyingine huletwa na wakubwa. Mwaka 1986 shehena ya dawa za wadudu ilitoka Ugiriki kama msaada, ikawekwa Vikuge, Kibaha, ikaachwa mpaka udongo wa pale ukalowa DDT. Msaada wa namna hiyo ni mzigo, na hakuna mkulima mdogo aliyeuagiza.

Lakini wanaotegemea Eyasi ni wengi kuliko wakulima. Wako Wahadzabe, Wadatoga na mifugo yao, na wavuvi wanaovua kambare miaka ziwa linapojaa. Watoto wa wakulima wenyewe huoga katika mifereji ile ile. Kama kuna sumu inayojikusanya, wote hao wataila. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

WANAOPINGA

Twajua yako maneno ya kupinga, na yafaa tuyajibu.

Wengine wasema: kipimo kitaharibu soko la vitunguu. Sisi twaona soko huharibiwa na uvumi kuliko kipimo. Mnunuzi wa Nairobi akisikia minong'ono hana wa kumwuliza. Akiletewa karatasi ya maabara yajulikana pa kurekebisha.

Wengine wana hofu kubwa zaidi, nayo haitufai kuidharau. Tangu Juni 2022 familia za Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, wilaya ya Handeni, na maneno “uharibifu wa mazingira” yametajwa sana katika mjadala huo. Basi watu wauliza: je, tope nalo halitageuzwa fimbo ya kutufukuzia? Jawabu letu ni hili. Mtu asiye na ushahidi ndiye ahukumiwaye kwa maneno ya mwingine. Tope likisomwa mbele ya wote, na vipimo vikaonyesha mfugaji hana kosa, hakuna atakayeweza kumwambia analo. Na vikionyesha analo, ataambiwa ni lipi, la mwaka gani, na la kiasi gani, naye atapata nafasi ya kulitengeneza. Fimbo ya kweli ni siri.

Wengine wasema Eyasi ni ziwa lisilo na kina, hukauka, upepo hulivuruga tope lake. Hilo ni kweli, nasi hatulifichi. Ndiyo maana haifai kuchukua bomba moja tu. Yachukuliwe mengi, mbali na mbali, na karibu na mahali mito na mifereji inapoingilia, na pale ambapo mionzi ya risasi-210 itaonyesha kwamba tabaka zimevurugika, kipande hicho kisitumiwe kuhesabia miaka.

Wa mwisho wasema kazi hii ni ya Wazungu. Hao hawajafika Dar es Salaam wala Arusha. Mwaka 1992 mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, J. F. Machiwa, alikwisha kuandika juu ya uchafu wa eneo la bandari ya Dar es Salaam. Na hapa Arusha, Njiro, ziko maabara za Tume ya Nguvu za Atomu, ambayo kazi yake ni kupima mionzi. Ngaramtoni iko Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Tengeru iko Taasisi ya Nelson Mandela. Tope la Eyasi likipakiwa garini Mang'ola asubuhi, jioni laweza kuwa Arusha. Lina haja gani ya kupanda ndege?

TUNALOLITAKA

Kwanza, Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, ambayo maziwa haya yamo katika eneo lake, na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, zikutane na wataalamu hao wa Arusha, zipange upimaji wa tope la Eyasi, Manyara na Empakai kwa pamoja, si kila mmoja peke yake.

Pili, vijana wetu waliosoma sayansi katika shule za Karatu na Ngorongoro wachukuliwe katika kazi hiyo tangu siku ya kwanza, washike bomba, wakate tope, waandike namba. Mtoto wa mfugaji na mtoto wa mkulima wakae boti moja.

Tatu, matokeo yasomwe kwa Kiswahili katika mikutano ya vijiji kabla hayajapelekwa kwingine, na kwa Kiiraqw, Kidatoga, Kihadza na Kimaasai panapohitajika. Mzee asiyejua kusoma ana haki ya kuuliza swali.

Nne, wauzaji wa dawa wasiwekwe kando. Kila duka lenye kuuza dawa lifundishe mnunuzi kiasi cha kutumia, na atakayekutwa na dawa iliyokatazwa achukuliwe hatua.

Nasi wenyewe tusikae tukingoja maabara. Mabomba ya dawa yasioshwe katika mifereji. Makopo matupu yasitupwe majini, wala mtu asiyachotee maji ya kunywa. Kando ya mifereji paachwe ukanda wa majani, na miteremko ilimwe kwa matuta ya kukinga udongo. Hayo hayahitaji fedha za mfadhili. Yahitaji mwenyekiti wa kijiji mwenye msimamo na wananchi wanaokubaliana.

Mwenyekiti wa kila kijiji aliandike jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, na muhtasari wake upelekwe kwa diwani. Mvua zijazo zitalaza tabaka jipya chini ya Eyasi, na humo yataandikwa yale tutakayoyafanya msimu huu.